Bi Mwanamwema na Bakuli Lililooshwa

Baada ya miaka ishirini na minane, tarehe 30 Juni Bi Mwanamwema Khalfan anastaafu kazi ya kuhifadhi miswada ya kale katika maktaba yetu hapa Washington. Wasomaji watapumua. Sisi wenzake, sijui.

Alikuja kutoka Tanga, akakabidhiwa stoo ya maandiko ya Wakopti, Wakristo wa Misri ya zamani: dua za homa, hirizi za wajawazito, laana za majirani. Kikopti alijifundisha mwenyewe kwenye basi la kwenda kwake, mtaa wa Langley Park. Foleni za ujenzi wa reli ndizo zilizomfikisha kwenye vitenzi.

Habari zilipoenea mtaani kwamba analinda hirizi, watu wakaanza kumbishia hodi. Huyu ana kesi ya uhamiaji, yule binti yake kakataa posa. Aliwajibu wote kwa upole kwamba alizo nazo zilikwisha muda tangu karne ya saba.

Upole huo kazini hakuja nao. Alimtoa nje profesa mzima kwa ajili ya peremende. Mimi aliniandikia barua ya onyo kwa kupiga chafya. Na maji ndiyo usiseme, chupa ya maji karibu na miswada aliiogopa kuliko moto.

Kwa hiyo mwaka 2019 tulipigwa na butwaa alipoingia chumba cha kusomea na jagi. Mkurugenzi na kamati yake walikuwa wameamua kuondoa vitu vibovu, na cha kwanza kilikuwa bakuli la udongo lenye madoa ya wino. Mtaalamu wetu, Dk. Sebastian, alikuwa ameliandika kwenye orodha kuwa limeharibiwa na maji. Bi Mwanamwema akabisha: halikuharibika, lilitumika. Kwao Tanga mgonjwa huandikiwa kombe; dua inaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, inaoshwa kwa maji, naye anayanywa. Mbele ya kamati akaandika dua ya maumivu ya kichwa, maana kamati ilikuwa imeshamuumiza, akaosha, akanywa. Wino uliobaki ukajikusanya pembeni mwa sahani vilevile kama kwenye bakuli. Dk. Sebastian akakubali kwamba amekosea, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulishuhudia.

Bakuli likabaki. Chini ya ukingo tukasoma mabaki ya dua ya homa ya mtoto, Pisenti mwana wa Tekla. Dk. Sebastian anasema hatuwezi kujua kama alipona. Bi Mwanamwema anasema alipona, kwani mama aliyefiwa asingelitunza bakuli lile. Ushahidi hana, nami niko upande wake. Kwenye orodha, pale panapoandikwa hali ya kifaa, aliandika kwa mkono wake: Kilifanya kazi.

Bi Mwanamwema, kuondoka kwako kunaniuma, nasema wazi. Ahsante kwa yote, hata ile barua. Mungu akupe afya na umri mrefu pamoja na wajukuu. Dk. Sebastian ameshaniuliza mara mbili kama sasa tunaweza kulifuta neno lako. Halifutwi maadamu mimi nipo.

Method Kalisti, chumba cha kusomea