Ukuta wa Upande wa Magharibi

Benchi letu liko mbele ya duka la kijiji chetu, Skelbeck, limeegemea ukuta na kutazama kituo cha basi. Kila asubuhi, maziwa yakishafika, wanakaa watatu walewale. Kuna Meja, ambaye jeshi amelionea kwenye televisheni tu. Kazi yake ilikuwa kukagua tiketi za treni. Kuna Kilowati, fundi umeme mstaafu. Na kuna Bi Askofu, ambaye hupanga maua ya kanisa na kumpangia mchungaji la kuhubiri. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Bi Askofu, maana ya dukani anasema ni maji ya kufulia soksi. Mimi hukaa kwenye ngazi ya duka na kigari cha mwanangu, nikiomba asiamke. Siku hiyo kulikuwa na mama mgeni mwenye koti la kijani, amepakata mtoto mchanga mwenye kikohozi, anasubiri basi la kwenda Leeds. Walimsogezea nafasi, wakamwekea kahawa, kisha wakamsahau. Habari ya siku ilikuwa banda la mawe la Robyn, ambalo yeye na mumewe Callum walikuwa wanaligeuza nyumba.

Kilowati alikuwa amechapisha karatasi kutoka tovuti ya halmashauri. Akavaa miwani.

Kilowati: Sikilizeni basi. “Ruhusa ilitolewa ya kugeuza banda lililopo kuwa nyumba. Ukuta wa magharibi umeondolewa. Kwa hiyo banda lililopo halipo tena, na ruhusa haina kazi.” Kwisha habari.

Meja: Halipo vipi? Callum alikuwa anaujenga upya! Mawe yaleyale. Kila jiwe kaliandika namba kwa chaki, nimeyaona yamepangwa kwenye nyasi kama watoto wa shule.

Kilowati: Ndo kosa lenyewe hilo, bwana. Ukiushusha ukuta, umebomoa. Ukishabomoa, unachojenga ni nyumba mpya. Na nyumba mpya mashambani hupewi ruhusa.

Bi Askofu: Sasa alitaka auache uwaangukie? Ule ukuta ulikuwa umevimba kama tumbo la Meja.

Kilowati: Alitakiwa auegemeze kwa nguzo. Atoe jiwe moja, arudishe jiwe moja. Kama kung'oa meno.

Meja: Meno nani anayarudisha, we Kilowati?

Bi Askofu: Maskini Robyn. Banda la baba yake. Na ile karavani, kijumba cha magurudumu wanacholala, wamepewa siku ishirini na nane waiondoe uwanjani.

Meja: Na baridi hii.

Wote wakatikisa vichwa, wakanywa kahawa.

Kilowati: Lakini kuna neno hapa chini. “Ofisi ilipokea picha kutoka kwa mwananchi, siku ya pili ya kuondolewa kwa ukuta.” Siku ya pili! Afisa mipango alichukua miezi kumi na minne kujibu barua ya upana wa dirisha. Picha hii kaifanyia kazi kabla chai haijapoa.

Meja: Nani huyo mwananchi?

Kilowati: Hakuna mwananchi, Meja. Hilo ni jina tu wanaweka. Ni setilaiti. Iko juu pale, inahesabu mawe. Likipungua moja, kengele inalia ofisini.

Bi Askofu: Acha hizo. Shimo la barabara mbele ya kanisa lina miaka sita. Setilaiti hiyo hailioni?

Kilowati: Imetegeshwa kwa mawe. Si mashimo.

Meja: Mimi nawaambia ni wale watu wa kulinda popo. Mnakumbuka walivyokuja na vikapu na taa, wakahesabu popo bandani wiki mbili? Wakasema wako kumi na mmoja na ujenzi usubiri wazae. Sasa jiulizeni: wanawavalisha nini wale popo?

Bi Askofu: Popo wavalishwe, Meja?

Meja: Kamera. Ndogo hivi, kama punje ya mchele.

Kilowati: Popo ananing'inia kichwa chini. Picha ingetoka imepinduka.

Meja: Wanaigeuza ofisini! Unafikiri wanalipwa kwa kazi gani?

Bi Askofu: Nyie wanaume mnatia huruma. Ni kondoo. Wale wanaolisha nyuma ya karavani, kila mmoja ana kibati sikioni. Mnadhani ni namba tu? Vinasikiliza. Ile kampuni inayojenga nyumba za matofali kule kwenye barabara kuu haitaki mtu akae kwenye mawe ya zamani. Mkulima kapewa hela, kondoo kapewa kibati, Robyn kakosa nyumba.

Meja: Mungu wangu. Na mimi nilikuwa naongea peke yangu karibu nao.

Kilowati: Ndiyo maana wananenepa, wanacheka.

Mama mgeni alifuta pua ya mtoto. Akauliza kwa upole kama wao wanaishi mbali.

Bi Askofu: Hapo tu, mama yangu. Mimi niko Ghala la Nafaka, Meja yuko Zizi la Juu, huyu yuko Banda la Farasi. Yalikuwa majengo ya shamba moja yote, kabla hatujayageuza nyumba.

Meja: Langu nilipolinunua lilikuwa na ukuta mmoja na nusu. Liangalieni sasa! Bafu mbili.

Mama mgeni: Na kuta nyingine?

Meja: Nilijenga.

Kilowati: Enzi zile, mama. Hakukuwa na setilaiti.

Bi Askofu: Na sisi tulifanya kwa ladha. Robyn alitaka kuweka bomba la moshi, la bati, ling'ae kutwa nzima. Mtu unafungua pazia asubuhi unakutana na bati! Lakini hatukumwombea mabaya, hasha.

Mama mgeni aliomba karatasi. Kilowati akampa, na picha yenyewe ilikuwa ukurasa wa mwisho. Akaitazama sana, mtoto akikohoa begani kwake.

Mama mgeni: Hii imepigwa kutoka juu. Ukingo wa dirisha unaonekana hapa pembeni. Ni nyumba zipi zina dirisha la ghorofani linalotazama lile banda?

Mimi ningeweza kujibu, lakini nilimwinamia mwanangu nikamvuta blanketi ambalo halikuwa limetelemka. Ziko tatu. Wenyewe wote walikuwa wamekaa benchini.

Kilowati alivua miwani. Bi Askofu alimtazama Meja, Meja akamtazama Kilowati, Kilowati akamtazama Bi Askofu.

Basi likafika. Mama akasimama na mfuko wa nepi.

Mama mgeni: Mimi ni mama yake Callum. Huyu nakaa naye mpaka wazazi wake wapate pa kulala. Asanteni kwa kahawa.

Mlango ukafungwa, basi likapinda kona. Meja akasema lazima aende nyumbani, ana kazi. Hakunyanyuka. Kutoka dukani kwenda kwake njia ni moja tu, na inapita mbele ya karavani.