Johana Kipng'eno Mosonik: Baba Aliyeuliza, "Ulisema Ngapi?"

Marehemu Johana Kipng'eno Mosonik alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Chebunyo, katika familia ya wafugaji. Alisoma hadi darasa la saba akaacha kwa kukosa karo. Mwaka wa 1976 alikuja Kericho kuchuma chai, na baadaye akapata shamba lake Kipkelion, akapanda chai na kufuga ng'ombe.

Alifunga ndoa kanisani na Rodah mnamo 6 Desemba 1986. Walijaliwa watoto wawili, Noah na Chelimo. Rodah aliitwa na Bwana mwaka wa 2001, na Johana hakuoa tena. Chelimo alikuwa na miaka minane.

Watoto walimsaidia kubeba majani hadi kituo cha kupimia. Kabla kikapu hakijatundikwa kwenye mizani, kila mmoja alitaja kilo zake. Noah alitaja kidogo makusudi, ili kila mara azipite.

"Sita," alisema siku moja, mgongo umepinda.

"Sita gani na unatembea kama nyanya yako?" Johana akamwambia. "Sema vile mgongo unasikia."

Mambo ya shule aliyaendesha vivyo hivyo. Shule ikifunguliwa, kila mtoto alitaja alama anazotaka, na kazi atakayofanya kila siku ili azifikie. Hakuwasimamia. Shule ikifungwa aliuliza tu, "Ulisema ngapi?" Muhula mmoja Chelimo alitaja themanini za hesabu, akapata arobaini na moja, akalia.

"Wacha kulia. Sasa utabadilisha nini?"

Chelimo akasema ataamka afanye hesabu kabla ya kukamua. Asubuhi ya kwanza usingizi ulimshinda. Johana alipita karibu na kitanda chake akiwa na ndoo, akakamua peke yake, wala hakumwamsha. Kuanzia siku iliyofuata Chelimo aliamka mwenyewe.

Noah akawa mwalimu, akapelekwa Lodwar. Chelimo akawa muuguzi, na mwaka wa 2016 akaenda kufanya kazi Qatar. Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Johana aliendelea kusonga ugali wa watu watatu, na uliobaki akala asubuhi ukiwa baridi. Jirani alimshauri awaambie watoto warudi. Alijibu, "Walisema wenyewe wanataka kufika wapi. Nitawaitaje sasa?" Jioni alikaa mlangoni, simu ikiwa mfukoni mwa shati.

Februari 2024 alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea. Daktari alimtaka atembee. Tangu hapo Chelimo alimpigia simu kila Jumapili akiuliza, "Baba, ulisema wapi?"

"Nilisema kwa daraja."

"Na ulifika?"

"Nilifika kwa geti, nikaona daraja, nikarudi."

"Kuona si kufika, Baba!" Walicheka. Baada ya simu kukatika, Johana aliishika mkononi kwa muda mrefu.

Chelimo alipomwambia kwamba atakuja Desemba, Johana alisema atampokea kituoni, palepale pa kupimia majani, ambapo gari hushusha watu, akiwa amesimama mwenyewe. Jumapili yake ya mwisho alisema, "Wiki hii ni kituoni."

Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, alifika huko asubuhi. Karani alimpa kiti karibu na mizani.

"Mzee, umefika! Umeleta majani?"

"Hapana. Nangoja Chelimo."

"Anakuja leo?"

"Desemba. Leo najaribu njia."

Karani alikwenda kupima vikapu. Aliporudi, Johana alikuwa ameegemea nguzo, uso ukielekea barabarani, amekata roho.

Ameacha mwana, Noah, na mke wa Noah, Janefer, binti, Chelimo, aliyewasili jana, wajukuu wawili, na dada yake, Phyllis, anayesoma wasifu huu.

Chelimo, wiki hii baba yako alisema kituoni. Alifika. Sasa Bwana ampumzishe.