Waisiko Ryoba na Kijiti Kinachoyeyuka

Waisiko, binti wa pili wa Mzee Ryoba Mwikwabe, alizaliwa Nkende, Tarime, tarehe 17 Juni 1993. Alifaulu darasa la saba mwaka 2007, lakini sekondari aliishia kidato cha pili, mama yake alipofariki.

Mwaka 2011 alifunga ndoa na Nyamhanga Marwa, mchimbaji mdogo. Siku hiyo alicheka mpaka padri akasubiri. Dhahabu ikawapeleka Nyangoto: mume alishuka shimoni, Waisiko aliponda mawe na kuuza uji. Walijaliwa watoto watano. Uzazi wa mwisho, Agosti 2021, nusura umwondoe.

Mwaka uliofuata walikuja wauguzi wakitafuta wanawake watakaojitolea kujaribu kijiti kipya cha uzazi wa mpango, kinachoyeyuka chenyewe mkononi bila kutolewa. Waisiko alikubali. Mama mkwe wake, Bibi Rhobi, alilia: "Umenifungia wajukuu!" Akamjibu taratibu, "Mama, hawa watano wananihitaji nikiwa hai."

Kila miezi mitatu alipanda basi kwenda Mugumu kupimwa. Alipewa kadi ya kuandika hali yake kila siku. Watafiti walitaka kujua maumivu na hedhi, yeye aliongeza, "Leo kuku ametotoa kumi na mmoja." Muuguzi Beryl Oduol hakuyafuta.

Januari 2024 Beryl alimtazama miguu.

"Dada, imevimba tangu lini?"

"Ni uchovu tu, sista."

Haukuwa uchovu. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, Nyamhanga akiwa amemshika mkono.

Hapa msibani yamesemwa kwamba kijiti ndicho kilichomuua. Familia inaomba maneno hayo yakome. Madaktari walitueleza kwamba ni moyo, ugonjwa aliokuwa nao tangu utotoni bila sisi kujua, na ni vipimo vya utafiti ule vilivyougundua, ingawa kwa kuchelewa. Wanawake wenzake mliojitolea naye, msihukumiwe kwa kifo chake.

Ameacha mume, baba, dada mmoja na watoto watano; kitinda mimba ana miaka miwili na nusu, na tangu Jumamosi halali mpaka afunikwe khanga ya mama yake. Ameacha pia Bibi Rhobi, aliyemwosha kwa mikono yake, na aliyeomba aandikwe hapa kuwa mama, si mama mkwe.

Mungu ampokee Waisiko, ampe pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata.