Spindo ya Lukudu: Hewa au Maji?

Ukishuka pale steji ya boda Munuki, uliza kwa Natalina. Natalina ni mimi, nauza kahawa ya tangawizi, na watu wangu wanakaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, mabao mazito hata boda ikiyagonga inaumia yenyewe. Wananunua kikombe kimoja asubuhi, wanakinywa mpaka jua ligeuke, halafu wananiomba sukari ya kuongeza. Mwaka ule, baada ya mapigano ya ile Julai mbaya, risasi zikilia upande wa Jebel tulikuwa tunanyamaza kidogo, tunasikiliza zinaelekea wapi, kisha mtu anaendelea pale alipoachia. Siku hiyo maneno yalikuwa ya spindo.

Lukudu tunamwita Milango, maana kule Arua, uhamishoni, alitengeneza milango tu. Alikuwa ameleta mashine ya CNC kutoka Kampala, ile inayochonga mbao yenyewe kwa amri ya kompyuta. Ilipoanza kazi tulikwenda kuiangalia kama watu wanaokwenda kuona bibi harusi. Haikumaliza mwezi. Spindo yake, yaani mota inayoshika kisu na kukizungusha, ilikuwa ya kupozwa kwa maji, na Lukudu akaipa maji ya tanka, yale yale ya mto tunayokunywa sisi, na tope lake. Mipira ya kupitisha maji ikaziba, spindo ikaungua. Tangu hapo alikuwa anagongomea kwa mkono masanduku ya marehemu, ya playwudi, kazi ambayo haikumkosa hata siku moja, na ilikuwa inamkondesha.

Ezbon, dereva wa lori, alikuwa anaondoka kesho yake na msafara wa Nimule, kuelekea Uganda. Alikuja na funguo mkononi, akakataa kukaa.

— Milango, sema sasa. Mimi nitaleta spindo moja. Barabara hii si ya kwenda mara mbili. Hewa au maji?

Lukudu akashika kichwa. Nilimwonea huruma, kwa sababu akikosea tena, kalas, imekwisha, mashine inakuwa kabati la kuku.

— Maji! — akasema Duku, ambaye jina lake la hapa ni Methali. — Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo chukua ya maji.

— Duku, hiyo methali imeingiaje hapo? — nikamuuliza.

— Imeingia tu. Methali haipigi hodi.

Celestino, huyo ni Redio, amekulia Nakuru na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua.

— Buda, wachana na maji. Chukua ya feni. Lakini ile kubwa kabisa, kilowati tano!

— Jenereta yangu itavuta tano? — Lukudu akasema. — Itakohoa mara moja ife.

— Si utaunga waya kwa hao jirani wa shirika la misaada.

— Na visu je? — Ezbon akauliza. — Niambie na visu.

Hapo Lukudu akaamka kidogo. Akachukua kijiti, akachora msokoto kwenye vumbi.

— Iko kisu inavuta takataka juu. Inakata haraka, lakini inachana uso wa mbao. Iko nyingine inasukuma chini. Uso inabaki safi, lakini takataka inajaa ndani ya mfereji, kisu inachemka.

— Funga zote mbili pamoja! — Redio akasema.

— Iko hiyo. Ni ya playwudi. Ya zol, ndugu yangu, mimi nimechoka na playwudi.

Makaa yalikuwa yanapumua, na jua limeshika mabati. Duku akafumba macho, kikombe kifuani.

— Mimi ningekuwa na kisu ile ya ncha ya mviringo, — akasema polepole, — ningechonga mto wote kwenye bao moja. Toka Nimule mpaka Malakal, na samaki yake. Mtoto akitia kidole, anasikia baridi.

— Hiyo ndogo, — Redio akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imeshuka. — Kuna spindo inazunguka kasi mpaka sauti yake inapotea. Unaiwasha jioni, mtaa mzima umelala, yenyewe inachonga tu. Asubuhi mtu anaamka ako na kitanda, meza, viti vya wageni.

— Na wale wamekimbilia Uganda? — Duku akauliza.

— Inawachongea pia. Wakirudi wanakuta nyumba zinawangoja, kila mlango na jina la mwenyewe.

— Mlango ya mama yangu pia, — akasema Duku.

Hakuna aliyemcheka. Hata mimi, ninayejua hao watu ni waongo, niliwaza jina langu juu ya mlango.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye kitenge cha bluu, vumbi mpaka magotini. Mkononi ana kamba yenye mafundo.

— Salaam. Naitwa Teresina, natoka Jebel. Wameniambia hapa iko mtu ya milango.

— Ni mimi, mama, — Lukudu akasema.

— Julai walichukua mlango yangu na fremu yake. Nalala na wasichana wangu, mlangoni iko blanketi. Hii kamba nimepima nayo.

Lukudu akaipokea kwa mikono miwili.

— Mashine ikipona, yako ndiyo ya kwanza. Nitakuchongea na ua juu.

— Ya mbao gani?

Duku alifungua mdomo, methali haikuja. Tiki yote, ile mbao ngumu ya milango, ilikuwa inatoka Yei, na kwa vita vile, barabara ya Yei hakuna lori lililokuwa linapita.

— Playwudi iko, — Redio akasema, kwa aibu.

— Playwudi? Wakipiga kiatu moja tu, wako ndani.

Mimi nilijifanya napuliza moto. Nilijua. Lukudu mwenyewe ndiye aliyenitengenezea mabenchi yangu, mwaka aliorudi, kwa tiki ya Yei. Nikamsikia anagonga bao kwa kidole, mara akatandaza ile kamba juu ya benchi. Fundo la mwisho lilikoma kabla bao halijakoma.

— Natalina, — akasema, akaniangalia.

— Usiniangalie hivyo.

Nikamtazama yule mama. Hakuwa ananiomba kitu. Alikuwa anatazama kamba yake.

— Inukeni, — nikasema. — Inukeni nyote.

— Kahawa haijaisha! — Duku akalalamika, lakini akainuka.

Lukudu akamgeukia Ezbon, na hakushika kichwa tena.

— Hewa. Ndogo, kilowati moja na nusu, jenereta yangu inaiweza. Vumbi nitaipuliza kila jioni. Visu lete ya kabaidi, ile chuma ngumu, meno mawili, ile inasukuma chini. Tiki iko kama ina mchanga ndani yake, chuma ya kawaida inaimaliza. Na moja ya ncha ya mviringo.

— Ya nini?

— Ya ua.

Ezbon akaenda. Lukudu na Redio wakainua benchi la kwanza, likawatoa jasho. Teresina akawatazama wale wanaume na vikombe vyao, akanigeukia.

— Na nyinyi mtakaa wapi?

Nikawamiminia kahawa iliyobaki, wakaipokea wamesimama.