Historia ya Dada Yetu, Mwalimu Umejuaje

Wafiwa wenzangu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kuzaliwa, na familia imenituma nisome haya.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1963, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu masomo ya sayansi tarehe 3 Desemba 1983.

Aliajiriwa Januari 1984, akafundisha madarasa ya chini ya sekondari kwa miaka thelathini na tisa, katika shule mbili tu. Wanafunzi wake waligawa kila ukurasa wa daftari kwa mstari, kushoto wakiandika walichoona, kulia walichodhani, aliyechanganya alirudia, na aliyejibu kwa kujiamini mno aliulizwa swali moja, umejuaje, hadi likawa jina lake mtaani, na muuza nyanya akisema hizi zimechumwa leo, alikuwa akicheka mwenyewe kabla hajaulizwa.

Tarehe 12 Machi 1998 aliwapa wanafunzi arobaini na mmoja kazi ya kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, huku akijua kwamba kipimajoto kile ni kibovu na hakipandi zaidi ya tisini na nne. Thelathini na wanane waliandika mia, kwa kuwa kitabu kimesema mia, akawapa sifuri, na watatu walioandika tisini na nne akawapa alama zote. Wazazi walikuja juu, mkuu wa shule akamwambia kitabu hakikosei, naye akajibu kwamba kitabu hakikuwepo maji yalipochemka, jibu lililomtoa darasani na kumweka stoo ya vitabu muhula mzima. Aliporudi, aliwapa wanafunzi wa darasa jipya kipimajoto kilekile.

Alifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1991 na shemeji yetu, fundi redio, ambaye siku ya kwanza ya uchumba alimwambia kwamba hali chakula wala halali usingizi kwa ajili yake, akaulizwa umejuaje kama ni kwa ajili yangu na si malaria, na shemeji anasema bado anatafuta jibu. Walijaliwa binti mwaka 1992, mtoto wa kiume mwaka 1996, na mjukuu mmoja.

Februari 2023 alianza kuumwa chini ya mbavu za kulia. Tarehe 9 Juni, akiwa amestaafu wiki tatu, daktari alituita, shemeji, watoto na mimi, akatuambia ni saratani ya ini na kwamba imeshasambaa, nasi tukakubaliana pale kwenye korido kwamba tumwambie ni vidonda vya tumbo. Tulisema hivyo kwa wiki kumi na moja, tukimwambia pia kwamba mwili unarudi. Tarehe 28 Agosti nilipomwambia amenenepa, aliniuliza nimejuaje, nikasema inaonekana, akatoa daftari chini ya mto. Kushoto alikuwa ameandika uzito wake wa kila Jumatatu, sitini na moja, hamsini na tisa, hamsini na sita, hamsini na tatu, na kulia hakukuwa na neno. Alisema kwamba hata sisi tumeandika mia. Hakugombana na mtu, aliomba tu aambiwe, nikamwambia, akachukua kalamu akajaza upande wa kulia mwenyewe.

Alifariki tarehe 17 Januari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, wodini, akiwa na kilo arobaini na moja. Jana katika kikao mjomba alishauri niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama inavyoandikwa siku zote, na wakubwa wakaafiki, nami sikubisha. Aliugua miezi kumi na moja, na wiki kumi na moja za muda huo tulimdanganya. Mjomba anisamehe.

Familia inawashukuru madaktari, na muuguzi wa wodi, mmoja wa wale watatu wa mwaka 1998, aliyemsomea kila kipimo kama kilivyo, majirani walioleta viti na maji tangu juzi bila kuombwa, walimu wenzake, na wanafunzi wake wote, waliopata alama na waliopata sifuri. Wengi mmeniuliza tunaendeleaje. Nimeona kitanda kimetandikwa na miwani yake iko juu ya redio, zaidi ya hapo sijui bado.

Dada, ungekuwepo ungeniuliza nimejuaje kwamba umepumzika, na sina cha kuandika kushoto. Pumzika kwa amani.