Mtandaoni au Darasani: Ombi la Akina Mama Kumi na Mmoja wa Hospitali ya Tuyuk-Bulak

Mgeni rasmi, Mama Sairagul Joldosheva, Mkuu wa Chuo cha Uuguzi;
Daktari Kubat, Mganga Mkuu wa hospitali yetu;
wafanyakazi wenzetu na majirani mliofika:

MAKARIBISHO

Sisi wauguzi wasaidizi wa hospitali hii, kumi na mmoja, akina mama sote, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua umesafiri kwa muda wa saa tisa na kuvuka mlima ambao barafu yake haijayeyuka. Mkate umeumega mlangoni na chai ya maziwa iko mezani. Utuwie radhi kwamba mbele yako tuko tisa tu. Wawili wako zamu wodini, na wametuagiza tusome polepole, mlango ukiwa wazi, ili nao wasikie.

Anayesoma ni Meerim, mdogo kuliko wote, aliyechaguliwa kwa sababu sauti yake haitetemeki upesi.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuliingia kazini kwa mafunzo ya miezi kumi, na mengine tukajifunzia wodini. Mwenye miaka mingi zaidi kazini ana ishirini na mbili. Mwezi wa kumi uliopita ikaja barua: kufikia mwisho wa mwaka ujao, asiye na stashahada wala hajaanza kuisomea hatamgusa mgonjwa. Chuo chako kikatupa njia mbili, miaka miwili darasani mjini au miaka mitatu mtandaoni. Tunatakiwa tuchague leo, kabla hujaondoka.

Tangu siku ile hatuna mazungumzo mengine. Meerim aliandika faida na hasara nyuma ya kalenda, akafuta, akaandika tena, mpaka mumewe akamwambia, "Kalenda itatoboka hiyo, na mwezi wenyewe haujaisha." Tulicheka. Siku hizi hatucheki sana.

TULIYOYAFANIKISHA

Mama Mkuu, hatuji mbele yako na maneno matupu. Wenzetu wawili walitangulia kujaribu kabla ya barua hiyo, mmoja kila njia, na wametupa ruhusa tukueleze yaliyowapata.

Burul Tashieva alikwenda darasani. Alikuwa wa tatu katika darasa la watu arobaini, na walimu wako wanamkumbuka. Zuura Mamyrova alisoma mtandaoni na akafaulu kila mtihani wa mwaka wa kwanza. Huku bondeni mtandao unashika kilimani tu, nyuma ya makaburi, basi alipanda huko kila siku na simu yake, mtoto mgongoni. Wachungaji wakamwita profesa. Siku moja mwalimu alimtaka awashe kamera, na darasa zima likaona kondoo.

YANAYOTUTATIZA

Burul alimwacha mwanawe, Aiperi, akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi saba, kwa mama mkwe. Njia ya mlimani ikafungwa na theluji, akakaa mjini miezi mitano bila kurudi. Alipofika nyumbani mtoto alijificha nyuma ya nyanya yake, akauliza, "Huyu shangazi ataondoka lini?"

Mama mkwe alimwambia asijali, watoto husahau na hukumbuka, atamzoea tena kwa wiki moja. Ilichukua majira yote ya machipuko. Burul hakurudi chuoni. Hakumlaumu mtu. Alivaa aproni yake, akaingia wodini, na kwa muda mrefu hatukuthubutu kumtajia neno shule.

Tukasema basi, jibu limepatikana: sote mtandaoni. Tulikuwa tumeshakubaliana hivyo mpaka mwezi wa pili mwaka huu.

Adhuhuri moja alijifungua hapa mama mmoja wa kijiji cha juu, mtoto wake wa nne. Mtoto alitoka salama, kondo likatoka, kisha damu ikaanza na haikukoma. Daktari Kubat alikuwa ng'ambo ya mlima na barabara ilikuwa imefungwa. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Zuura. Somo lile alilijua. Wiki tatu nyuma alikuwa amelipatia alama zote. Akaanza kuzitaja hatua kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja. Lakini alisimama pale pale, mikono ikiwa hewani.

Mama Anipa, mkunga wetu, akaja nyuma yake, akaishika mikono ile na kuiweka juu ya tumbo la mgonjwa. "Hapa," akasema. "Sugua. Kwa nguvu, binti yangu, usimwonee haya. Unausikia mfuko wa uzazi unavyokuwa mgumu?"

Zuura akajibu, "Nausikia."

Yule mama yuko hai. Juzi alituletea siagi. Zuura alikaa kwenye ngazi za hospitali mpaka zamu ikaisha, akatuambia, "Yote nilikuwa nayo kichwani. Mikononi sikuwa na kitu."

Tangu hapo tunaogopa njia zote mbili. Tukienda, tunahofia watoto wetu. Tukibaki, tunahofia watoto wa wenzetu.

MAOMBI

Mama Mkuu, tunakuomba njia ya tatu. Masomo ya nadharia tuyapate kwa mtandao. Mafunzo ya vitendo tuyafanye hapa hapa, kwenye wodi hizi, siku mbili kwa wiki, chini ya Mama Anipa, na chuo kiyatambue. Mama Anipa amezalisha nusu ya watu waliomo ukumbini humu. Anastaafu mwezi wa tano. Tulipomuuliza kama angekubali kubaki atufundishe, akasema, "Mbona hamkuniuliza miaka kumi iliyopita?"

Tunaomba pia mtihani wa mikono usimamiwe na walimu wako wenyewe, tena wawe wakali. Hatutafuti njia nyepesi.

Ikiwa haiwezekani, tunakusihi useme leo, mbele yetu, tusingoje barua. Watatu wetu wataondoka na gari litakalokurudisha mjini. Mizigo yao imefungwa. Burul ni mmoja wao. Aiperi ana miaka mitatu sasa, na jana alitaka kujua mama atalala mara ngapi huko. Burul alianza kumhesabia kwa vidole, akaacha njiani.

Kwa hayo machache tunakutakia njia nyeupe, kama tunavyowaaga wasafiri wa kwetu, afya kwako na kwa wote unaowalea, na mikono yako isichoke.

Amina.

Ni sisi,
Wauguzi Wasaidizi wa Hospitali ya Tuyuk-Bulak:
tisa mbele yako, na wawili wodini wanaosubiri jibu.