Pikapu ya Delbert na Kona ya Tatu

Mbele ya duka la matairi la Loretta, pale Harker's Fork, kuna benchi la kanisa. Kanisa lenyewe lilifungwa waumini walipobaki wanne. Vitu vikagawanywa, benchi likaletwa hapa nje, na tangu hapo halijakosa watu. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili huketi wazee watatu walewale, na vikombe vyao hutundikwa kwenye misumari kando ya mlango wa Loretta. Virgil, aliyelibeba benchi begani na ambaye hakuwahi kulikalia lilipokuwa kanisani, ndiye Askofu. Harlan, fundi umeme mstaafu wa mgodini ambaye nyusi zake zimeshaungua mara mbili, ndiye Shoti. Na Delbert, mwenye pikapu ya kijivu, tangu majira ya baridi wamembatiza Kobe, maana siku hizi pikapu yake inapanda mlima kwa mwendo ambao hata kobe angeomba apishwe. Jina hilo halimuudhi. Kinachomuudhi ni ile taa.

Asubuhi hiyo ya Aprili, Delbert aliketi mwisho wa benchi, upande wa gari.

— Jana tena? Askofu alimuuliza.

— Jana tena. Palepale, Mlima Turnbow, kona ya tatu. Taa ya njano ikawaka, maandishi yakaja kwenye dashibodi: nguvu za injini zimepunguzwa. Nakanyaga mafuta mpaka chini, gari wala halina habari na mimi.

— Ukafika saa ngapi?

— Saa sita na robo.

Askofu alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari. Wote watatu waliijua maana ya saa sita na robo. Opal, mke wa Delbert kwa miaka hamsini na moja, yuko Ashby ng'ambo ya mlima, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tangu Oktoba akili yake ilipoanza kumpotea. Chakula cha mchana huletwa saa tano na nusu, na saa sita sahani hukusanywa. Wauguzi wamembembeleza kwa kila namna, lakini Opal hufungua kinywa kwa kijiko cha Delbert tu. Delbert akichelewa, Opal hali kitu hadi jioni. Amepungua ratili kumi na moja, na Delbert anaijua kila moja ilipotea siku gani.

Alishajaribu kutoka mapema. Akitoka mapema, gari hugoma mara mbili badala ya moja. Askofu alishampa funguo za gari lake, akazirudisha. Opal hukaa dirishani akisikiliza mlio wa pikapu. Kuna siku hamtambui Delbert, lakini mlio ule bado anautambua, na Delbert hakuwa tayari kumnyang'anya na hilo.

Haya yote hayasemwi kijiweni. Kule milimani mwanamume hamuulizi mwenzake habari za mke mgonjwa, humuuliza habari za gari. Delbert anaijua desturi hiyo vizuri. Virgil alipofiwa na mwanawe, yeye alimuuliza habari za trekta mwaka mzima.

— Mimi nimelifikiria usiku kucha, Askofu alianza. Huyo ni panya buku. Kaingia kwenye injini, anatafuna nyaya.

— Panya buku gani anayetafuna kona ya tatu tu? Shoti aliuliza.

— Ndiyo njaa inapomuuma! Mtu hali wakati wote, ala! Wahenga wamesema, mchumia juani hulia kivulini.

— Hapo wahenga wameingiaje?

— Chini ya boneti ni kivulini, siyo?

Delbert alicheka bila kutaka. Loretta alitoka na birika, akawajazia, akasema kahawa imebaki kidogo kwa hiyo wabishane kwa kipimo, akarudi ndani kwenye matairi yake.

— Sikilizeni watu wazima, Shoti alisema. Ule mlima mimi nimefanya kazi chini yake miaka thelathini na mbili. Pale kona ya tatu, chini kabisa, tuliacha mashine moja ya chuma, kubwa kama hili duka. Chuma kile kinavuta gari. Sumaku!

— Mbona halivuti lako?

— Langu lina kutu, Askofu. Sumaku haipendi kutu.

— Uongo mtupu. Kwanza mlima umejaa malori, hata moja halijavutwa. Hii ni kazi ya serikali. Wana chombo kule angani, wakiona mzee kavuka sabini na tano anapanda mlima, wanampunguzia nguvu. Asijiumize.

— Basi wangeanza na wewe. Wakupunguzie mdomo.

— Kobe, hebu sema ukweli, gari lina miaka mingapi?

— Kumi na sita. Tulilinunua pamoja. Opal ndiye aliyechagua rangi.

— Basi jibu nimelipata, Askofu alisema, na akapiga goti lake. Gari linamkumbuka mwenyewe. Miaka yote limezoea mama mmoja kukaa kando ya dereva na kusema, Delbert punguza, Delbert angalia kona. Leo hakuna wa kusema. Linapunguza lenyewe.

Alilisema kwa mzaha. Delbert aliitazama pikapu. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa bado na mto wa maua ambao Opal aliutumia kwa ajili ya nyonga, na hakuna mtu aliyekikalia kiti kile tangu Oktoba. Shoti akakohoa, akanyanyuka na spana yake.

— Ngoja nilitibu kabla halijapoa moyo, alisema.

Hii nayo ilikuwa ibada yao. Tangu Januari, kila asubuhi Shoti hufungua boneti, hulegeza waya wa betri, hungoja dakika kumi, kisha huurudisha. Taa huzimika. Maandishi hufutika. Delbert huondoka akiwa na matumaini mapya.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Shoti aliimba akikaza nati. Nami nafuta mawingu. Haya, Kobe, mbingu nyeupe!

Wakati huo dada mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa barua, anangoja gurudumu lake lizibwe. Aliitwa Marlene, mpeleka barua mpya wa njia ya mlimani, wiki yake ya pili. Askofu akamsogezea nafasi.

— Karibu, dada. Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Asante, mzee. Samahani, nimewasikia. Gari langu lilinisumbua hivyohivyo mwaka jana. Kwani lenu linaandika namba gani?

— Namba gani tena?

— Gari likiwasha taa ile, linajiwekea namba ndani. Namba inamwambia fundi aangalie wapi, kama ni pedali, au mlango wa hewa wa injini, au waya. Yenu ni ipi?

Askofu alimtazama Shoti. Shoti aliitazama spana. Delbert alisema alishalipeleka kwa fundi wa mjini mara tatu, akitokea hapahapa benchini, na mara zote tatu fundi alilipima akasema gari ni zima, halina kumbukumbu ya ugonjwa wowote.

— Ajabu, Marlene alisema. Namba huwa inakaa. Labda mtu awe ameondoa waya wa betri. Ukiuondoa, namba nayo inafutika.

Kikombe cha Shoti kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Kilirudi taratibu mpaka kwenye benchi.

— Kila asubuhi? Marlene aliuliza kwa sauti ndogo, maana sasa ameiona spana.

— Kila asubuhi, Shoti alisema.

Askofu aliinua kikombe chake kuelekea mlangoni. Loretta alitoka, akainamisha birika. Yalidondoka matone mawili.

Marlene alikwenda kwenye gari lake akarudi na kimashine cheusi kidogo kuliko kiganja, chenye waya. Akawaeleza kwamba huchomekwa chini ya usukani. Gari likigoma, wasilizime na wasiguse betri, wasome tu namba. Lakini dereva hawezi kusoma huku anaendesha kwenye kona zile. Lazima mtu akae naye.

— Nitakwenda mimi, Shoti alisema. Hakuwa ameombwa. Tutoke sasa hivi, saa tatu haijafika. Likigoma, tutambae nalo hadi tufike.

Alipofungua mlango wa abiria, aliuona ule mto, akasita. Delbert alidhani atautupa nyuma kwenye zana. Shoti aliuinua kwa mikono miwili, akaketi, akauweka mapajani.

Walikwenda maili kumi na mbili mpaka mlimani. Kona ya kwanza gari lilivuta. Ya pili likavuta. Ya tatu, taa ikawaka na maandishi yakaja, na injini ikalegea palepale.

— Usizime, Shoti alisema. Akainama juu ya kimashine, miwani puani. Ipo! Herufi P, mbili, moja, tatu, nane. Inasema pedali. Nyaya za pedali, Delbert! Nyaya! Hiyo hata mimi naiweza, kesho tu.

Aliiandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kisha furaha ikamtoka usoni. Pikapu ilikuwa inatambaa, gari la nyuma likawapita likipiga honi. Shoti aliushikilia mto.

— Delbert, alisema. Opal yukoje?

Delbert aliimaliza kona. Miezi sita, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

— Anapungua, Harlan. Ratili kumi na moja. Nikichelewa, hali.

— Tangu lini?

— Tangu Januari.

Shoti alihesabu, na hakuhitaji vidole. Januari. Spana yake. Fundi akipima, anakuta pameshafutwa.

— Basi ni mimi, alisema. Ningeiacha namba ikae siku moja tu, gari lingeshapona, na Opal angekuwa anakula.

Delbert alitaka kukasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Lakini alizikumbuka asubuhi zile za Januari, barafu juu ya boneti, na huyu mzee mwenye vidole vinavyouma akivua glavu ili aishike nati vizuri.

— Ulikuwa unafuta mawingu, alisema. Uliniona nimelowa.

Shoti aligeukia dirishani na akabaki huko mpaka walipofika kileleni. Walitambaa kushuka, wakatambaa kuingia Ashby, wakapinda kwenye ua wa nyumba ya wazee saa tano na dakika kumi. Delbert hakuzima injini haraka. Aliiacha ingurume kidogo chini ya dirisha la nne, la Opal, kama kawaida yake.

— Twende wote, alimwambia Shoti. Beba na mto.

Juu yao, pazia la dirisha la nne lilisogea.